Mapumziko

Prefe ameniomba ukurasa mmoja,
historia ya timu, kwa ajili ya jubilei.
"Kwa kifupi, mwalimu. Wageni hawana subira."
Nikashika kalamu. Kalamu ikaniuliza: unaanzia wapi?

Daftari la matokeo liliungua.
Kwa hiyo miaka yote kabla ya moto
ni mabishano ya kwenye kiti cha kinyozi:
Sebahizi anaapa tuliwafunga Sake manne kwa bila,
Kasereka anasema ni moja tu, tena la mkono,
na wote wawili walikuwapo, nyuma ya lango lilelile.

Ninachokijua kwa yakini ni gunia.
Gunia la sukari, ndani yake jezi kumi na nne.
Mama Kavugho, mtunza stoo, alilibeba begani
siku Nyiragongo iliposhuka mjini
ikipita mlango kwa mlango kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Aliacha sufuria. Aliacha godoro jipya.
Mumewe alipofoka njiani, katikati ya umati,
alimjibu bila kugeuka:
"Sufuria ni zangu. Hizi nimezisainia."

Uwanja ukalala chini pamoja na chokaa yake
na mkaratusi wa pale kona.
Juu yake tukapewa mwingine, mweusi, wenye meno.
Nguzo za lango zilikataa kuingia ardhini;
tukazisimamisha ndani ya mapipa, tukashindilia makoro.
Na jina likabadilika lenyewe.
Zamani tuliitwa Tai.
Leo hata msukuma chukudu, mzigo wa makaa umempinda mgongo,
akipita barabarani hupaza sauti: Makoro!

Mimi nilikuwa kipa.
Ukitaka kumjua kipa wa shule hii usimdai cheti,
mwambie apandishe suruali.
Kila mpira niliouokoa umeandikwa gotini,
na niliyoikosa pia,
maana jiwe halihesabu mabao.

Lakini, prefe, kuna jambo ukurasa wako hautalimeza.
Jumatano ile, mwezi wa kwanza, kesho yake moto,
tulicheza na vijana wa Birere.
Mvua ilituchelewesha, giza likatuwahi.
Mbili kwa bila, wao. Mapumziko.
Mwamuzi Ndoole akatazama mawingu, akatazama saa,
akasema: "Kipindi cha pili, Jumamosi."

Jumamosi hapakuwa na Jumamosi.

Ishirini na wawili tuliitikia.
Winga wetu, Mumbere, anauza simu Kampala.
Beki wao wa kati alichukuliwa na vita, halikurudi hata jina.
Ndoole anapima petroli kwa chupa, njia ya Sake;
filimbi bado iko shingoni,
anasema ni mazoea tu, kama pete ya mjane.

Nimeandika, nimefuta. Ukurasa bado mweupe
isipokuwa tarehe, na neno moja
ambalo prefe atadhani nimekosea.

Hukutana na Balume, nahodha wao, soko la Virunga,
kati ya maharagwe na mitumba.
Yeye ana mvi, mimi nina mkongojo.
Kila mara hunyoosha vidole viwili, akicheka.
Nami kila mara humjibu, bila kusimama:
bado dakika arobaini na tano.