Nusu Nyumba

Fishi ina visanduku viwili tu.
Nyumba ilibomoka? NDIYO. HAPANA.
Mwenye biki ni mimi, darasa la tatu B,
shule ya mteremkoni, Cimpunda:
watoto sitini na wanne, sahani thelathini.
Nimezihesabu sahani mara mbili. Hazikuzaa.

Wanaostahili, asema direkta akisoma karatasi,
ni waliopoteza nyumba katika maporomoko ya Aprili.
Wengine wangoje awamu ya pili.
Awamu ya Pili. Jina zuri.
Ungeweza kumpa mtoto.

Nabintu: ilibomoka. NDIYO.
Ashuza: ilibomoka, na mbuzi akiwa ndani. NDIYO.
Irenge, mwana wa mwenye ligablo la betri na sabuni:
baba yake alikuja jana na mashahidi wawili
na picha ya ukuta ninaoujua mimi, ukuta wa jirani.
Direkta akakohoa, akatazama nje. NDIYO.

Cikuru.

Nyumba ya kina Cikuru iligawanyika usiku ule.
Chumba cha wazazi kilishuka na udongo hadi mtoni Wesha,
na kitanda, na cherehani, na masufuria yote mawili.
Cha watoto kilibaki, kimeukamata mlima kwa kucha,
huku turubai, huku ukuta wenye kalenda ya mwaka juzi.
Mama yake hubeba magunia ya watu sokoni Kadutu,
mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso.
Akitoka gizani huwaachia maji ya moto yenye chumvi.
Anayaita supu.

Niliandika pembeni: NUSU.
Karatasi ikarudi baada ya siku nne,
duara jekundu limezunguka neno langu.
*Nusu haimo. Chagua.*

Kijana wa kuhakiki alikuja, mpole, viatu vimejaa tope.
Alipanda hadi kule juu, akaugusa ukuta kwa kiganja,
kama mtu anayepima homa.
Mwalimu, akasema, huu umesimama.
Na kweli ulikuwa umesimama.
Nikachagua. Msiniulize.

Saa nne harufu ya masoso huingia
kwa madirisha yasiyo na vioo.
Harufu haijui orodha.
Ndiyo saa ya hesabu: nusu, theluthi, robo.
Nachora duara ubaoni, naligawa kwa chaki,
na sauti ya nyuma inauliza, Mwalimu, ni mkate?
Ni duara, nasema.
Duara tu.

Kisha thelathini wanasimama, wanatoka kwa mstari,
na wale wengine wanainamia kaye zao
wakiandika kwa bidii ambayo sikuwafundisha.
Cikuru hupiga mistari kwa rula.
Ukurasa mzima, mistari mitupu.

Mimi nami nina miezi mitano bila mshahara,
lakini fishi haiulizi walimu.
Mama Mwamini, mpishi, hunikwangulia ukoko wa sufuria.
Naula nimegeukia ukuta.

Jana mvua ilianza jioni,
mvua yetu ile inayogonga mabati kama mdai
anayejua kwamba mko ndani.
Usiku wa hivyo mlima mzima haulali,
kila nyumba inaomba,
na nilidhani wote tunaomba kitu kimoja.

Asubuhi Cikuru alifika kabla ya kengele,
sare imelowa, kaye ndani ya mfuko wa plastiki.
Alisimama mbele ya meza yangu akitazama vidole vya miguu yake,
akasema polepole, kama mtu aliyeanguka mtihani:

Niliomba usiku kucha, mwalimu.
Wadogo niliwalaza upande wa turubai.
Ukuta bado umesimama.