Zabibu za Udongo

Kwanza nilipaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi,
chupa ya buku kutoka Majengo.
Zikang'aa! Nikazitundika dirishani, nikaita majirani.
Siku ya nne hereni zikaanza kunata.
Udongo huu si wa chungu, ni wa plastiki,
unaokwa kama skonzi, nao una chuki zake:
rangi ya kucha huutafuna polepole.
Na upepo wa Agosti, huu wa Dodoma usiobisha hodi,
ukazivika vumbi jekundu punje kwa punje.
Jozi kumi na moja. Nilizihesabu nikizitupa.

Fundi Chilewa wa samani
akanigawia vanishi yake ya milango.
Ilikauka ngumu kama kiapo,
lakini maua yangu meupe yakageuka
manjano ya meno ya mvuta kiko.
"Kwa mbao ni dawa," akasema, akikuna kidevu.
Kwa mbao, ndiyo.

Sasa natumia ya maji.
Kabla yake msasa, mia nne, mia nane, elfu moja,
ndani ya beseni ili unga usipae,
kisha kipande cha jinzi ya kaka yangu,
nasugua mpaka bega linidai.
Brashi laini. Mpako mwembamba, subiri.
Mwembamba tena. Dirisha nimelifunga,
khanga mbichi nimeilaza chini ya mlango,
na yeyote atakayefagia uani saa hizi
tutagombana.

Jumamosi, sokoni Sabasaba,
mama Ndahani wa Hombolo, mwenye ekari mbili za mizabibu
na doa la zambarau kwenye kucha,
akainua kishada changu juani, akacheka kidogo:
"Hizi umezilamba?
Zabibu haing'ai shambani. Ina unga wake.
Inang'aa ukishaigusa."
Akarudisha hereni mezani, taratibu,
akaenda kununua dagaa.

Usiku nikafungua chupa niliyoipuuza miezi yote,
vanishi iliyofifia, isiyometa,
maana nilidhani kung'aa ndiko kumaliza kazi.
Nikapaka vishada vyote. Vikanyamaza,
vikawa na ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi.

Kisha, kwenye kila kishada, punje moja tu
nikaipaka ya kung'aa,
pembeni,
pale ambapo kidole gumba
kingekuwa kimepita.