Kaa la Desderia

Kitabu kilikuwa chembamba, kurasa tisini,
karatasi yake inanyonya wino.
Nilikiuza mwenyewe mnadani Ilula,
kati ya nyanya na mitumba.

Humo nilimuumba Desderia.
Siku mgambo walipochoma nyumba za Lukomba
ili watu wapande malori wakaishi pamoja,
aliinama, akachota kaa la paa lake mwenyewe,
akalibeba chunguni maili saba,
na usiku akawapikia wanawe uji
kwa moto uleule uliomfukuza.

Hakuwapo. Naapa, hakuwapo.
Kaa lile lilinijia jikoni, ugali ukiungua.

Sasa kila Agosti wajukuu wa Lukomba
huwasha moto kilimani kwa jina lake.
Mama mmoja alinionyesha chungu.
“Nilicheza rede na binti zake,” akasema,
nami nikakipokea kwa mikono miwili.

Ng’ambo ya mto, kwa wana wa mgambo, hawaji.
Kwao nyumba zilishika zenyewe:
kiangazi, upepo, jiko la mzembe fulani.
Nao wana kitabu chao. Hakijaandikwa, ila wamekihifadhi.

Yule mwenye kiberiti nilimpa kilema,
mguu wa kushoto uchorao mstari vumbini.
Mzee Luhwavi alivunjika miaka kumi baadaye,
alipoanguka kutoka trela la tumbaku.
Nani anauliza tarehe?
Posa ya mjukuu wake ilikataliwa,
majembe yakarudi usiku, bila salamu.
Akaja akasimama mlangoni pangu na fimbo:
“Mwalimu, siku ile nilikuwa Tosamaganga, nalazwa na surua.
Nilikuwa na miaka tisa.”

Nilimpa chai.

Nilimpa mtu yule kilema
kwa sababu baba yangu alitembea vizuri.
Alirudi alfajiri, akaniomba maji,
akanawa mpaka viwikoni, akanawa tena,
halafu akaniuliza kama nimeshika hesabu za mara saba.

Na yupo mama wa kweli, ambaye hakubeba kitu.
Alikaa chini kando ya ghala lake, akakataa lori.
Jina lake nalijua.
Nilimwacha nje ya kitabu; hakuwa na la kufanya humo.
Nani atamwashia moto mtu aliyekaa tu?

Juzi wamekuja wa shule: kichapwe upya, kisomwe darasani.
Kama kuna marekebisho, Mwalimu, weka.
Ukurasa wa arobaini na moja uko wazi mezani,
kalamu nyekundu imelala juu yake.

Nikiufuta mguu ule,
watauliza ulikuwa wa nani.