Ametoka Kidogo

Kwenye simu mimi ni mzee.
"Mzee, una mkanda wa feni wa Isuzu?"
"Mzee, nipunguzie, mwezi umenikaba."
Koo hili nililirithi kwa baba
pamoja na duka la vipuri, Barabara ya Kirinyaga,
na kibao kilichochubuka: MUTWIRI NA WANA.
Wana. Neno lisilovaa suruali wala gauni.
Kila apitaye hulivika suruali.

Ouko wangu wa kaunta, yeye ni "dada".
Sauti yake nyembamba kama waya wa plagi.
Wanampigia, wanamwita mrembo,
naye huwajibu kwa subira, akiuma kidole asicheke.
Wakishaingia dukani mambo hugeuka:
swali huenda kwake, likiruka juu ya kichwa changu,
yeye hunitazama, mimi hutaja bei,
na mteja humwambia yeye, "Asante, bosi."

Mama alinifunza kusema kwa ncha ya ulimi.
"Kananu, shusha. Utaitwa jogoo."
Kwenye kwaya walinihamishia nyuma, kwa wenye besi,
wakanirudisha mbele siku ya picha.
Nikimkemea mwenye kuchelewesha mzigo
husema leo nyumbani hakukulalika.
Baba alikemea hivyo hivyo, maneno yale yale.
Wakasema, huyu anaijua biashara.

Miaka minne fundi mmoja wa Kapkatet
alinunua kwangu bila kuniona.
Cheruiyot. Mzigo ulimfikia kwa basi la usiku.
Mwanzo tuliongea gasketi na beringi;
baadaye, taratibu,
kama boliti yenye kutu inavyoachia,
akanieleza mkewe hasemi naye tangu Pasaka,
kwamba usiku hukaa ndani ya lori bovu la mtu,
vioo juu,
analia.
"Haya siwezi kumwambia mwanamke, mzee."
Nikasema, "Endelea."

Jumanne moja ya mvua akaja mwenyewe.
Nilimjua alipokohoa mlangoni.
Akampa Ouko mkono, mikono yote miwili.
Mimi akaniinulia kidevu,
kama anayemwonyesha muuza chai kikombe kitupu.
"Mzee yuko?"

Ulimi ulikwisha kuinuka.
Kisha nikaliona lile lori, vioo juu,
na simu ambayo isingelia tena.
Nikajibu kwa sauti ya mama, ya ncha ya ulimi:
"Ametoka kidogo."
A.
Herufi moja, mlango usio na bawaba za upande wowote.
Kiswahili hakikuniuliza zaidi,
naye pia hakuniuliza.

Alisubiri saa nzima kwenye kreti,
akimsimulia Ouko jinsi mzee alivyo na hekima.
Akaacha mfuko wa karatasi.
"Mama, mpe. Usisahau, tafadhali."

Kesho yake jioni, simu.
"Mzee, nilikuachia kofia kwa yule mama."
"Nimeipata."
"Imekutosha?"
Mbele ya kioo cha ubavu cha Canter,
kisichopata mnunuzi tangu Januari,
nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Ya kijivu, nzito,
ya mtu anayesikilizwa.
Ouko amegeukia ukuta, mabega yanamcheza.
"Imenikaa sawa," nikasema. "Mkeo je?"
Akanyamaza. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa,
au ukifunguliwa, sijui.
"Jana usiku," akasema,
"aliniuliza kama nimekula."