Pindo la Vidole Vinne

Mama Liway hakuja kushona.
Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne:
shule tatu, ada pembeni kwa dola,
na chini kabisa mstari wa nne, umekatwa kwa kalamu nyekundu:
*Iloilo, kwa bibi.*

Nikamvutia stuli. Cherehani ikanyamaza.
Mumewe anafunga mitambo ya umeme, mkataba miaka miwili;
yeye hukagua hesabu za watu huko Upanga, ghorofa ya tisa.
Kiswahili chake ni cha Soko la Namanga:
bei anazijua zote, mengine bado anaokota.
"Fundi," akasema, "wewe shule unajua."

Mimi? Niliyeishia la saba Kisiju?
Lakini kweli nazijua.
Nazijua kwa matambara yake.

Ile ya Masaki yenye bwawa la kuogelea,
sare zake hunijia mara moja kwa mwaka,
magoti mazima, kama zilitundikwa tu.
Mtoto asiyechana suruali namwonea shaka.
Ile ya masista, Mbezi: vifungo vyote vipo,
kola zimetafunwa.
Kola iliyotafunwa ni mtihani wa kila Ijumaa.
Ile ya Mwananyamala, yenye basi linalokohoa,
hiyo ndiyo inayonilisha:
makwapa yamefumuka, mifuko imeng'oka kwa gololi,
na siku moja, ndani ya mfuko wa sketi,
kinyonga, mzima, ananitazama kwa jicho moja.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Cheti chake, kwetu kitasomeka?"
Hapo uzi wangu ukaisha.
"Watoto watawacheka macho?"
Watawacheka, nikasema. Wiki mbili. Watawaita Wachina.
Halafu timu ya rede itapungukiwa mtu.

Sikumwambia habari za Sheweji wangu,
mwaka wa tano Maskati, dereva wa lori la maji,
wala za wanawe wawili, waliolala pale nyuma ya pazia,
wanaomwinulia baba yao daftari mbele ya simu,
mara juu chini, mara karibu mno,
naye husema "Vizuri, vizuri" kwa ukungu mtupu.
Sheweji naye alikuwa na karatasi.
Jina langu halikukatwa.

Jumamosi akarudi na watoto wapimwe.
Siwema, mjukuu wangu, akatoka nyuma ya pazia:
"Shikamoo."
Liway akamtazama, akatutazama sisi,
kisha akauchukua mkono wangu, kidole bado kina kastabini,
akauinamia, akaugusisha kwenye paji la uso wake.
Paji lilikuwa na jasho. Kastabini ilikuwa baridi.
"Kwetu ndiyo hiyo," mama yake akasema.
Nikajibu marahaba, maana nyingine sikuwa nayo.
(Mpaka leo Siwema na mdogo wake wananigonga mkono kwa vichwa,
na mdogo hugonga kwa nguvu.)

Kitambaa alichofungua mezani kilikuwa samawati.
Ya masista.
Nikatandaza futi, sikusema neno;
nilimpa ushauri, sikumpa watoto wangu awasomeshe.
Lakini kumbe alikuwa amesikia.
"Kola," akasema, "shona mbilimbili.
Magoti ya Bugoy, weka kitambaa ndani."
Na Bugoy, miaka sita, juu ya stuli,
tayari alikuwa ameitia kinywani kamba ya futi yangu.

Likabaki pindo.
Kwa kawaida naacha vidole viwili,
mtoto hurefuka, pindo hufumuliwa, mwaka unasogea.
Nikamwonyesha viwili.
Akatazama nje, mbele ya banda, pale maji ya bomba yanapopita,
akarudi, akaweka mkono wake juu ya sketi:
vidole vinne, vimebanana.

Mkataba, nakumbuka, miaka miwili.
Sikuuliza.
Nikachukua chaki, nikapiga mstari pale alipoonyesha,
na sketi ikawa nzito chini kuliko juu.