Kitako

Walikuja watatu, siku ya theluji ya kwanza Eibar,
bunduki wameifunga kwa blanketi la mtoto,
kama watu wanaomleta mgonjwa wasiyeafikiana juu yake.
Xanti akaiweka mezani. Dada zake wakabaki mlangoni
wakipangusa viatu vilivyokwisha kauka.

"Ilianguka," akasema.

Nikafungua. Mitutu miwili, kutu imeila
kama nondo anavyokula sufu: hapa tundu, hapa salama.
Kitako kimevunjika shingoni, vipande viwili
vinashikana kwa nyuzi tatu za mti na ukaidi.
Mti wa jozi ukianguka hupasuka kwa kufuata mishipa yake.
Huu ulikatwa mishipa. Huu ulishikwa kwa mtutu
ukapigwa jiweni.
Sikusema. Fundi halipwi kwa kusema.
Ila nilimwona Garazi, dada mkubwa, akitazama mkono wa kaka yake,
nikajua shamba limekwisha gawanywa
na halikugawanyika vizuri.

"Irudishe kama alivyoiacha babu,"
wakasema, na hilo peke yake walilisema kwa sauti moja.
Wakaniachia na picha yake.

Miezi mitatu.
Kuna kutu ya kusugua na kutu ya kuachia;
ukiifuata mpaka mwisho wake utaimaliza bunduki.
Herufi za aliyeiunda zikarudi moja moja
kama wageni waliochelewa harusini.
Shingo niliitoboa, nikatia kijiti cha jozi
nilichochonga kwenye gogo alilolificha baba chini ya ngazi,
akisema hili ni la siku isiyo na dawa.
Gundi ya moto, kamba, jiliwa, usiku kucha.

Ndipo nikakiinua begani, kupima,
nacho kikanikataa.
Jicho langu lilitoka nje ya mstari, likaangukia dirishani.
Nikadhani nimeunga vibaya. Nikapima kwa uzi.
Uzi haukuwa na neno. Kitako kimepinda
kushoto, makusudi, nusu ya unene wa kidole,
tena kimefupishwa, na mahali pa shavu
pamelainika upande ambao yule bwana wa picha,
mwenye kofia pana na njiwa kumi na wawili mshipini,
asingeweza kuweka shavu bila kuvunja shingo yake.

Nikampigia simu Xanti. "Babu yenu alikuwa na mashoto?"
"Hapana. Kama imepinda, inyooshe."
"Nani, basi?"
Kimya. Nyuma yake ng'ombe alilia, ndoo ikatuliwa chini.
"Bibi," akasema. "Bibi Graxi. Watawa walimfunga mkono ule kwa utepe
mpaka akajua kuandika kwa mwingine.
Lakini mkate aliukata kwa ule."
Kisha: "Wale njiwa..."
Hakumaliza, nami sikumsaidia.

Sikuinyoosha.
Nilipaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka,
na nilipofika pale pa shavu nikaweka msasa chini.
Pale palikwisha pigwa msasa, miaka arobaini, kwa ngozi.

Walirudi Machi. Safari hii hakuna aliyesimama mlangoni.
Nikawaambia: mtutu wa kulia umekonda,
msiutie risasi, si kwa njiwa, si kwa mwaka mpya.
Ni ya kushika tu.
Oihane, mdogo wao, akaiweka bega la kulia, akakunja uso,
akaihamishia la kushoto,
akakaa hivyo kitambo, akililenga kabati langu la misumari.

Ufa bado upo, ukiuuliza kwa kidole.
Xanti aliuuliza.
Akarudi pale pale mara ya pili,
kisha akatoa pochi, akahesabu,
akaongeza jibini zima ndani ya gazeti,
na bila kunitazama akasema,
"Haikuanguka."

"Najua," nikasema,
nikamwandikia risiti.