Saa ya Studio

Mkebe ulikuwa wa biskuti. Kutu ilikuwa imeumana na mfuniko,
nikaufungua kwa mpini wa kijiko,
na harufu ya pareto kavu ikanipiga usoni.
Mama alitia pareto kila mahali, kabatini, ndani ya Biblia.
Mdudu hajui kusoma, alisema, ila maandishi anayala.

Picha arubaini na moja. Nimezihesabu mara mbili
kama karani anayehofia kufutwa.
Nyuma ya kila moja mhuri wa zambarau:
Studio ya Kanubhai, Nakuru,
na mwaka kwa penseli, umefifia
kama sauti ya mtu aliyetoka chumbani akiongea.

Huyu hapa baba, Amugune, kofia ya relwe kwapani,
mguu mmoja mbele kana kwamba anadai mshahara.
Huyu shangazi Kageha, na saa mkononi ambayo si yake,
maana saa hiyo hiyo naiona kwa mjomba Kisia,
kwa jirani aliyekuwa akituazima chumvi,
kwa bwana harusi nisiyemjua.
Saa ya studio. Daima saa nne na dakika kumi.
Landi nzima ilikuwa na wakati mmoja.

Na nyuma yao wote, ziwa.
Ziwa la rangi ya mafuta juu ya turubai,
heroe thelathini na wanane, wekundu kupita kiasi,
mmoja ana miguu mitatu.
Hakuna aliyelalamika.

Mimi nilikuja kuutafuta mji.
Nilitaka barabara ya stesheni kabla haijabebeshwa ghorofa,
mijakaranda ikimwaga maua juu ya paa za magari,
king'ora cha kiwanda, na mama akitoka zamu
na vumbi la njano kwenye nyusi,
dirisha tuliponunua mkate wa jana kwa nusu bei.
Hamna.
Wazee wangu hawakulipia picha ya mji.
Mji ulikuwa bure, mlangoni.
Nani atoe shilingi tano
kwa kitu anachokikanyaga kila siku?

Jumatano nikaenda mpaka pale studio ilipokuwa.
Wanabadilisha vioo vya simu.
Kijana akaniuliza, Mathe, imepasuka?
Nikamwambia ndiyo.
Sikuwa na njia fupi zaidi ya kueleza.

Nikashuka hadi ziwani. Ziwa limepanda.
Limemeza lango la zamani, limemeza uzio,
na migunga imesimama majini, mikavu,
kama watu waliopanga foleni hadi ofisi ikafungwa.
Pale baba aliponibeba mabegani nione uwekundu
mwari mmoja alikuwa akielea, amejaa dharau.
Heroe? Mlinzi akanyoosha kidole kaskazini,
kama anayemwonyesha mgeni njia ya choo.
Nikamkumbuka yule wa miguu mitatu.
Yeye hakuhama.

Usiku nikavaa miwani, nikarudi mkebeni.
Picha ya thelathini na tisa: mama, Muhonja,
amenipakata, mimi ni shuka yenye pua.
Siku hiyo turubai ilikuwa imelegea pembeni,
maji ya ziwa yamejikunja kama sketi,
na pale lilipoishia palikuwa na mlango wazi
na nje ya mlango, upana wa ukucha,
Nakuru:
nusu gurudumu la baiskeli,
mkono wa mtu na mkate,
doa la kivuli ambalo lazima ni mjakaranda.

Nimeutazama ukucha huo mpaka taa ya stima ikakatika,
kisha nikautazama kwa mshumaa.
Wanasema sasa sisi ni jiji. Sawa.

Katika wote arubaini na mmoja
mama peke yake hakuvaa ile saa.
Wala haitazami kamera.
Anautazama mlango,
kama aliyeacha chungu motoni.